Ekra Iliyokufa Bila Kuaga

Juzi mmoja wenu, ambaye sitamtaja kwa sababu mama yake ananiletea maziwa, alinionyesha programu yake kwa fahari. Ekra, kile kioo cha mashine, ilijaa maandishi yaliyopangwa vizuri, visanduku vina mipaka, mistari inapanda na kushuka jinsi anavyotaka. Nikamwambia ni kazi nzuri, sasa aiue. Akacheka. Nikarudia: iue ikiwa katikati ya kazi, tuone itakavyokufa. Akaiua. Ekra ikabaki na vipande vya visanduku, kile kimstari kinachopepesa mahali pa kuandikia kikapotea, na alipoandika jina lake hakuna herufi hata moja iliyoonekana. Akafanya mnachofanya wote: akafunga dirisha lile, akafungua jingine, akaniambia hakuna shida.

Shida ipo, kijana. Wewe una dirisha jingine la kufungua. Mimi nimekula mkate wangu kwenye mashine zenye ekra moja tu, bila kipanya, bila picha, maandishi matupu kutoka juu hadi chini. Msidhani tulizipenda hivyo kwa ujinga. Kuanzia Muheto mpaka Walikale umeme ulikuwa wa jua au wa mto, na mashine ya maandishi haili umeme mwingi. Tena mashine ambayo watu wa mjini wameitupa kwa uzee, ukiipa ekra ya maandishi inaamka na kufanya kazi miaka mingine. Nimestaafu, sasa nalima maharagwe hapa Nyabiondo, lakini zile mashine bado zinaniamshia mawazo, na hasa moja.

Kwanza mnielewe jambo lenyewe, kwa sababu mnaliandika kila siku bila kulitazama. Terminali, yaani ekra na vitufe vyake, ikiwa huru ina adabu yake. Ukibonyeza herufi, inakuonyesha. Ukiandika amri, inakungoja mpaka ubonyeze Entrée, kitufe cha kuituma. Sasa programu yenye ekra nzima ikija, inaiambia terminali: usionyeshe tena herufi, nitazionyesha mimi, usingoje Entrée, nipe kila kitufe papo hapo, ficha kile kimstari, safisha ukurasa, leo nyumba ni yangu. Terminali inatii. Haiulizi itakaa hivyo mpaka lini. Programu ikimaliza kazi inapaswa kurudisha kila kitu, na kurudisha kwa kinyume, kile cha mwisho kuchukuliwa kiwe cha kwanza kurudi. Ikifa ghafla bila kurudisha, terminali inabaki vilevile, bubu, inaendelea kumtii marehemu.

Mtu akiiona hali hiyo husema klavye, ubao wa vitufe, imekufa. Klavye haijakufa hata kidogo. Inasikia kila unachobonyeza, ila haina ruhusa ya kukuonyesha. Hapo ndipo watu wanapoharibu zaidi, maana wanagonga vitufe kwa hasira, na kila walichogonga kinapokelewa.

Aliyenifundisha hayo ni Papa Kalala, Mkasai mmoja mfupi aliyekuwa na karakana Goma. Alikuwa na mdomo. Siku yangu ya kwanza nilimletea programu niliyoandika usiku na mchana, akaisoma kuanzia chini. Nikadhani amekosea, nikamwambia mwanzo uko juu. Akasema mwanzo anaujua, kila mtu anajua kufungua; yeye anatafuta mahali nilipofunga. Hakupaona. Akanirudishia bila kuiendesha hata mara moja, na tangu siku ile kabla sijafungua ekra naandika kwanza namna ya kuifunga: ikimaliza vizuri ifunge, ikipatwa na kosa ifunge, mtu akiikatisha ifunge. Halafu ndipo naandika kazi yenyewe. Ninyi mnafanya kinyume, mnasema mtaongeza mwishoni, na mwishoni njaa imewashika.

Alikuwa na desturi nyingine ambayo tuliichukia. Alikuwa anafunika ekra kwa kitenge cha mke wake, kisha anatuambia tufanye kazi. Tufungue faili, tubadilishe jina, tufunge, yote bila kuona. Akifunua kitenge, tunakuta maajabu: faili limeitwa jina la shemeji ya mtu. Tulimwona mzee anatuchezea tu. Na alikuwa na neno moja analolisema mpaka linachosha, kwamba ekra ni shati, programu ni mwili, kwa hiyo kila programu yenye ekra iwe na ndugu yake asiyevaa shati: amri moja fupi inayofanya kazi ileile bila mapambo. Nilimtii katika hilo kwa sababu kumbishia kulichosha kuliko kutii.

Ngoja niwape kidogo cha kucheka kabla sijafika kwenye jambo lenyewe. Muheto kulikuwa na nyumba ya jibini ambapo wafugaji walileta maziwa asubuhi, na mashine yangu ilikuwa inaandika nani ameleta nini. Asubuhi moja mlinzi wa mashine aliikatisha programu vibaya, ekra ikawa bubu. Nilifika kwa pikipiki nikakuta ndoo za maziwa zimepangwa mpaka barabarani, na katekista amesimama mbele ya mashine ameweka mkono juu ya klavye, anaomba. Watu wameinamisha vichwa. Ningefanya nini? Nilisimama pembeni yake, naye akiwa amefumba macho nikateleza mkono chini ya mkono wake, nikabonyeza Entrée, nikaandika neno moja, reset, la kuirudisha terminali kama ilivyokuwa, nikabonyeza tena Entrée. Ekra ikasafishika, kimstari kikaanza kupepesa, na kwa bahati yeye akawa amefika kwenye Amina. Nyumba nzima ikapiga makofi. Niliwaeleza ukweli siku hiyohiyo, mbele ya katekista mwenyewe, na mama mmoja akaniambia: "Papa Deo, hata kama ni wewe uliandika, nani njo alikutuma ufike ile saa?" 

Sasa Buleusa.

Pale Buleusa wanakijiji walikuwa na mtambo mdogo wa umeme. Mto ulichepushwa ukapita kwenye mfereji, mfereji ukashuka kwenye bomba, bomba likazungusha turbini inayotoa umeme. Juu ya bomba kulikuwa na kilango cha chuma cha kuongeza au kupunguza maji, na kilango hicho kilitawaliwa na mashine ndogo yenye ekra ya maandishi, ndani ya kibanda cha mabati kando ya mfereji. Umeme ule uliwasha mashine ya kusaga mihogo, kanisa, na maternite, nyumba ya kujifungulia akina mama.

Programu ya kilango hakuiandika mtu mbaya. Aliiandika kijana hodari kutoka mjini, ila alikuja kiangazi. Akapima maji ya kiangazi, akakitengenezea kimo cha maji, kwa sentimita, kisanduku chenye nafasi ya tarakimu mbili, pembeni kabisa mwa ekra, akaenda zake. Mwisho wake, ile namna ya kuifunga, hakuuandika. Mimi nilikabidhiwa kuitunza baadaye, na kitu cha kwanza nilichofanya, nikiwa Nyabiondo, ni kuiandikia ndugu yake asiye na shati: amri iitwayo kilango, ukiifuata na namba kilango kinakaa kwenye namba hiyo, sifuri kimefungwa, mia kimefunguka chote. Niliituma kwa kifaa kidogo cha kuhifadhia mafaili, ikapelekwa na mtu wa pikipiki. Kurekebisha programu kubwa kulihitaji niende mwenyewe, na kila nilipofunga mzigo barabara ilifungwa. Mnajua barabara zetu zinavyofungwa, sihitaji kueleza.

Mlinzi wa mtambo aliitwa Janvier. Kijana mrefu, mtaratibu, mkulima kama sisi wote, ambaye alijifunza turbini kwa kuisikiliza. Alikuwa anaweza kukuambia maji yameongezeka kabla hajatoka nje kuyaona. Mke wake Zawadi alikuwa na mimba, na asubuhi ile ya mvua alijifungua kabla ya wakati. Janvier alikuwa ameshamfikisha maternite, akawa anangoja mlangoni, aliposikia turbini kule juu imebadilisha sauti. Akakimbia kupanda kilima. Mtoto alizaliwa baba yake yuko njiani kuelekea kwenye maji.

Mimi nilikuwa hapa Nyabiondo, karakanani kwangu, nikisubiri mvua ipungue. Tulikuwa na foni, zile redio za mkononi zenye kitufe cha kubonyeza ukisema, na antena juu ya kilima ya kupitisha sauti. Foni yangu ilikuwa mezani. Ya Janvier ilikuwa kibandani, ya tatu ilikuwa kwa Mama Noela, muuguzi wa maternite. Wote watatu tulikuwa tunasikilizana.

Wa kwanza kuita alikuwa Mama Noela. Aliniambia mtoto ni mdogo sana, kifua kinabonyea akivuta pumzi, amemweka kwenye mashine ya oksijeni na rangi imeanza kurudi, lakini taa zinapanda na kushuka na mashine inalia. Akauliza umeme una nini. Chupa ya oksijeni ya akiba hakuwa nayo. Mashine ile ilikuwa ya umeme tu, na ikizimika ilikuwa imezimika.

Kabla sijamjibu, Janvier aliingia.

"Papa Deo, Papa Deo. Mashine imekufa. Niko nafinya klavye, haiko inajibu. Maji iko inapanda, turbini iko nalia mubaya. Nichomole batri, nichomole batri?"

Niliinuka mpaka kiti kikaanguka. Ile ndiyo dawa ya kila mtu kwetu: kitu kikigoma, chomoa batri, ngoja, rudisha. Na mahali pengine inasaidia. Lakini kilango kile kilitengenezwa kwa usalama wa mtambo, sio wa mtoto: mashine ikikosa umeme, kilango kinaanguka na kufunga bomba lote. Maji hayapiti, turbini inasimama, kijiji kinaingia gizani, na kuiamsha tena ni kazi ya nusu siku ya kutoa matope. Na kama kilango kingebaki kama kilivyo, maji yangezidi, turbini ingezunguka kupita kiasi, na kikata-umeme kingejikata chenyewe. Giza lilelile. Gurudumu la kugeuza kilango kwa mkono lilikuwepo zamani, ila lilivunjika meno, na siku ile lilikuwa mbele ya macho yangu, hapa Nyabiondo, likingoja mchomeleaji. Nililitazama lile gurudumu na nikalichukia.

Nikamwambia asiguse batri. Nikamuuliza anaona nini. Akasema anaona visanduku vimekatika, na chini maneno ya kizungu yameshuka kama ngazi, halafu hakuna kitu. Nikajua papo hapo. Maji yamefika tarakimu tatu, ya tatu imeanguka nje ya ukingo wa ekra, programu imekufa, na haikuaga. Terminali iko bubu. Kilango kinangoja amri.

Sasa mtaniuliza, kwa nini nisimwambie aandike ile amri fupi palepale, akiwa kipofu? Nilifikiri hivyo, na mkono wangu ulikuwa tayari kwenye kitufe. Lakini kilango kilikuwa themanini na nilikitaka arobaini. Akikosea akaandika nne peke yake, kilango kinafunga, mtoto anakosa hewa. Namba ya kufungia maji sikuthubutu kumpa mtu asiyeona anachoandika. Nikaamua aone kwanza.

Nikamwambia abonyeze kitufe cha Contrôle na C pamoja, kuondoa yote aliyoyagonga kwa hasira. Kisha Entrée. Kisha nikamsomea neno, herufi moja moja. Reset. Akaandika. Entrée.

"Hakuna kitu, Papa."

Tukarudia. Contrôle na C. Entrée. Herufi. Nilisema polepole, mvua inapiga bati langu na bati lake, sauti inakwaruza. Entrée.

"Hakuna."

Mama Noela akaingia katikati, akaniambia mashine imezima na kuwaka yenyewe mara moja, na midomo ya mtoto imebadilika. Hakupiga kelele. Mama yule hakuwa mtu wa kelele, na hilo ndilo lililonitisha. Kisha akasema, kwa sauti ya chini kama anayeniambia mimi peke yangu, ingawa sote watatu tulikuwa tunasikia: "Muharakishe, ba Papa."

Niliogopa, vijana. Sitawadanganya kwamba mzoefu haogopi.  Nilianza kushuku kila kitu: labda mashine imekufa kweli, labda waya wa klavye umeingia maji, labda neno lile haliko kwenye mashine ile. Nikajikuta namwambia ajaribu kitufe cha Contrôle na J badala ya Entrée, kwa sababu terminali iliyovurugika wakati mwingine haiitambui Entrée lakini J inaitambua. Hilo lishikeni, lina faida. Siku ile halikusaidia.

Hapo nikakumbuka kitenge cha Papa Kalala. Alipokuwa akifunika ekra, yeye mwenyewe alikuwa anageuka, anatazama ukutani. Siku moja nilimuuliza kwa nini hatazami vidole vyetu, akasema kidole kinadanganya, yeye anasikiliza. Nikamwambia Janvier ashike foni kwa mkono wa kushoto, kitufe kimebonyezwa, aiweke karibu kabisa na klavye, na kwa mkono wa kulia aandike tena lile neno. Nikaweka foni yangu sikioni na kuziba sikio la pili.

Nikasikia maji. Nikasikia turbini, kweli ilikuwa inalia vibaya. Kisha vitufe: tak-tak. Tak-tak. Tak-tak. Tak-tak. Tak-tak.

Neno lina herufi tano. Nilikuwa nimesikia kumi, mbili mbili.

Nusura nicheke. Kwenye foni, tangu tukiwa vijana, tulifundishwa kitu kimoja: kila neno la maana liseme mara mbili, kwa sababu vilima vinameza. Ndiyo maana Janvier aliniita Papa Deo, Papa Deo. Na mimi, bila hata kujua, nilikuwa namsomea herufi kwa adabu ya foni: R, R. E, E. S, S. Naye, mtu mtaratibu, anayefuata maagizo kama yalivyo, alikuwa anaandika kama yalivyo. Kama ekra ingekuwa inaonyesha, angeona makosa kwa herufi ya kwanza. Lakini alikuwa kipofu, na mimi nilikuwa nyuma ya vilima. Fikirini sasa kama ningempa ile namba. Arobaini ya foni ingekuwa nne, nne, sifuri, sifuri, na kile kilango kingefanya nini na namba hiyo, sijui, na sikutaka kujua siku ile.

"Janvier, uko unaandika kila herufi ngapi?"

"Mbili, Papa. Njo vile uko unasema."

"Moja. Foni njo inataka mbili, mashine inataka moja. Finya Contrôle na C. Andika tena, moja moja, na mimi sitasema kitu."

Akaiweka tena foni karibu na klavye. Kisha tak. Tak. Tak. Tak. Tak. Kisha kile kitufe kikubwa cha Entrée, ambacho mlio wake ni mzito kuliko vingine.

Nikaibana foni sikioni zaidi.

"Papa, yote imefutika. Kuko kamustari kadogo juu, iko nafunga na kufungua jicho."

Nikamwambia aandike kilango, aache nafasi, halafu namba arobaini, mara moja, kisha anisomee anachokiona kabla ya kubonyeza Entrée. Akanisomea. Nikamwambia abonyeze. Kupitia foni nikasikia chuma kinasaga, na turbini ikaanza kushuka sauti, polepole, kama mama anayenyamaza baada ya kugombeza. Mama Noela akasema taa zimetulia. Baadaye kidogo akasema mashine ya oksijeni imeacha kulia. Alipomaliza kusema hivyo hakuachia kitufe chake, nikamsikia anamwambia mtu aliyekuwa karibu naye alete nguo kavu.

Mnadhani yaliishia pale. Hayakuishia. Programu kubwa tusingeweza kuiwasha tena, maana maji bado yalikuwa ya tarakimu tatu na ingekufa vilevile. Ilibidi mtu akae, atazame kwa macho mti wa kupimia maji, uliopakwa rangi, ndani ya mfereji, na kila maji yakipanda aandike namba ndogo zaidi, yakishuka aandike kubwa zaidi, kwa mkono, bila shati, mpaka mvua iishe. Na mtu wa kufanya hivyo pale Buleusa alikuwa mmoja.

Janvier aliniuliza. Aliuliza kwa upole, kama mtu anayeomba ruhusa shuleni, kama sasa anaweza kushuka kidogo tu akamwone mtoto, kisha arudi. Alisema hajamwona bado, hajui hata kama ni mwanamume ao mwanamuke. Nilitazama mvua kupitia mlango wa karakana. Upande wa Walikale kulikuwa kweusi. Nikamwambia hapana, abaki.

Nimesema hapana mara nyingi katika kazi hii, kwa wakubwa na kwa wadogo, na hakuna iliyonigharimu kama ile. Hakubisha. Alisema sawa, Papa, na nikasikia anavuta kiti. Mnapoandika programu mnafikiri anayelipa makosa yenu ni mashine. Mashine hailipi kitu. Yule kijana wa mjini aliacha kuandika mistari michache, na baba akakaa kwenye kibanda cha mabati akitazama maji huku mtoto wake anapigania pumzi chini ya kilima. Naomba mkae na jambo hilo kichwani kila mnapofungua ekra, kabla hamjaandika hata neno moja juu yake.

Mama Noela alikuwa amesikia yote.  Baada ya muda foni ikafunguka tena, na hakukuwa na maneno, kulikuwa na mlio wa mashine ya oksijeni, taratibu, na nyayo. Alikuwa anatembea na foni. Kisha nikasikia sauti ya Zawadi, imechoka, inasema muweke karibu, karibu zaidi. Na kisha mtoto. Sauti nyembamba, inakatika, inaanza tena. Hakulia kwa nguvu, hakuwa nayo. Lakini alikuwa analia, na anayelia anapumua.

Mama Noela aliacha kitufe kimebonyezwa mpaka mtoto akanyamaza mwenyewe. Mimi niliiweka foni mezani, nikasimama pale na machozi yangu, nafurahi hakuna mteja. Aliposema, alisema tu kwamba ni mwanamume, na akaachia.

Nikafikiri Janvier hakusikia, kwamba maji yamefunika sauti. Ndipo akaja, sauti imetulia kabisa.

"Nimemusikia. Mumuambie papa yake iko huku ku maji."

Mvua ilikatika jioni. Akashuka kwa miguu mpaka maternite, na ilibidi wamwoshe matope kwanza ndipo wamruhusu kumshika mwanawe.